Hisia za Sebuleni: Matangazo ya Televisheni na Vipimo Vyake Kericho na Bomet

Tangazo la sekunde 30 likipita katikati ya taarifa ya habari ya saa moja jioni, aliyelilipia anataka kujua mambo mawili. La kwanza ni kama lilionekana. Hilo lina majibu yake: wapo wanaowauliza watazamaji kwa simu, wapo wanaowatembelea majumbani na madodoso. La pili ndilo gumu. Lilimfanya nini yule aliyeliona? Lilimfurahisha, lilimtia uchungu, lilimkera, lilimtia haya mbele ya mkwe wake, au lilipita tu huku yeye akimenya viazi? Makampuni yametumia pesa nyingi kutafuta jibu la swali hili la pili, na vifaa vya kila namna vimebuniwa kwa ajili yake. Nataka kuvipitisha vifaa hivyo katika nchi ya chai ya Kenya, Kericho na Bomet, kuona vinavyofaa na vinavyoshindwa. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: vingi vimekosea jambo moja la msingi. Vinampima mtazamaji akiwa peke yake, na huku ni nadra mtu kutazama televisheni peke yake.

Kazi yenyewe si ya jana. Mwishoni mwa miaka ya 1930 huko Marekani, Paul Lazarsfeld na Frank Stanton walitengeneza mtambo wa kupima vipindi vya redio. Msikilizaji alipewa vitufe viwili, kijani na chekundu. Akipenda anachosikia anabonyeza kijani, asipopenda chekundu, na kalamu inaandika mstari kwenye karatasi inayosogea. Mwishowe mtafiti anaona ni dakika gani kipindi kilipendwa na dakika gani kilichosha. Ulikuwa ubunifu mkubwa, na kizazi chake kipo hadi leo. Lakini anayebonyeza anaamua, na anayeamua amekwisha kufikiri. Hisia ikishapita kwenye kidole imegeuka kuwa maoni. Ndiyo sababu waliofuata waliacha kumuuliza mtu wakauendea mwili wake.

Wa kwanza kuendewa ulikuwa mkono. Kiganja na vidole vina tezi nyingi za jasho ambazo hazisubiri amri ya mwenyewe. Mtu akishtuka au akisisimka, jasho jembamba lisiloonekana kwa macho hutoka, na umeme mdogo mno unaopitishwa kati ya vidole viwili hupita kwa wepesi zaidi. Badiliko hilo huonekana sekunde moja hadi tatu hivi baada ya kile kilichomgusa. Ni kipimo cha kuaminika kwa jambo moja tu: kwamba kuna kilichotikisika. Hakisemi kama ni furaha au ghadhabu. Mkulima anayeona kwenye skrini pakiti ya chai yenye picha ya shamba linalofanana na lake anaweza kutoa jasho lilelile kwa fahari au kwa hasira ya malipo, na mashine isione tofauti.

Kisha kuna mikono yenyewe. Mchuma chai wa Mogogosiek au Kapkoros hukwanyua majani mawili na kichipukizi chake kwa kidole gumba na cha shahada, maelfu ya mara kwa siku, asubuhi kwenye umande na mchana kwenye jua. Baada ya miaka michache ngozi ya vidole huota sugu, hupasuka, na hushika weusi wa utomvu wa chai usiotoka kwa sabuni. Vifaa vya kupima jasho vinataka ngozi laini, na maelekezo ya kitaalamu husema wazi kwamba penye sugu pasitumiwe. Dawa yake ipo, kwa sababu upande wa ndani wa wayo hutoa jasho la namna hiyohiyo na unaweza kutumika badala ya vidole. Lakini ni lazima mtafiti ajue kwanza kwamba mtu aliyeketi mbele yake huishi kwa vidole vyake. Asiyejua atarudi Nairobi na mchoro uliolala kama reli, aandike kwenye ripoti kwamba watu wa Bomet hawaguswi.

Vifaa vya kupima umeme wa ubongo vina shida ya jamaa moja na hiyo. Vilibuniwa kwa nywele nyororo, zinazopisha kifaa kifike kwenye ngozi ya kichwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichapisha muundo mpya unaokaa kati ya mistari ya nywele zilizosukwa, kwa sababu watu wenye nywele za kipilipili walikuwa wakiachwa nje ya tafiti kimyakimya. Kuhusu mashine kubwa zinazopiga picha ya ubongo unaofanya kazi, inatosha kusema kwamba katika utafiti wa Vinod Venkatraman na wenzake, uliochapishwa 2015, hizo ndizo zilizoongeza zaidi uwezo wa kukisia ni matangazo gani yangeuza, kuliko jasho, macho na mapigo ya moyo. Ila anayetazama tangazo akiwa amelazwa ndani ya bomba linalonguruma, na kukatazwa kutikisa kichwa, yuko mbali sana na jioni yoyote ya nyumbani ninayoweza kuifikiria.

Kifaa kilichoshinda sokoni ni kamera inayosoma uso. Chimbuko lake ni kazi ya Paul Ekman, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alikwenda Papua New Guinea na kurudi akisema kwamba furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao na karaha husomeka usoni kwa namna moja duniani kote. Mwaka 1978 yeye na Wallace Friesen walichapisha orodha ya misogeo ya misuli ya uso, kila mmoja na nambari yake. Mwaka 2009 Rana el Kaliouby, mzaliwa wa Misri, na Rosalind Picard walianzisha kampuni ya Affectiva kutoka kwenye maabara ya MIT, wakaifundisha kompyuta kusoma misogeo hiyo kwa kamera ndogo ya kawaida. Mtazamaji anaangalia tangazo, kamera inamwangalia yeye, na mstari unapanda au kushuka kila sekunde kufuata tabasamu lake na kukunja kwake kwa paji la uso.

Hapa Kericho inaingia kwenye hadithi hii kwa mlango usiotarajiwa. Miongoni mwa makampuni makubwa ya kwanza kuikubali kamera hiyo katika majaribio ya matangazo yao, kufikia 2013, zilikuwamo Coca-Cola na Unilever. Unilever ndiyo iliyoinunua Brooke Bond mwaka 1984, na pamoja nayo mashamba ya chai ya Kericho yaliyoanzishwa katika miaka ya 1920. Kwa karibu miaka kumi, basi, kampuni ileile iliyoajiri maelfu ya wachumaji katika vilima hivi ilikuwa ikisoma nyuso za wanywaji na wafuaji nguo wa nchi nyingi duniani ili kujua nini kinawagusa. Mashamba hayo yameshabadilisha mikono tangu hapo. Mwaka 2022 biashara ya chai ya Unilever iliuzwa kwa CVC Capital Partners, na baadaye mashamba yakaelekea kwa Browns ya Sri Lanka. Kamera imebaki kuwa desturi ya biashara ya matangazo.

Je, inasoma sawasawa? Wanasayansi wenyewe wamegawanyika. Mwaka 2016 Carlos Crivelli na wenzake walirudi Papua New Guinea, kwenye visiwa vya Trobriand, wakakuta kwamba uso ambao Ekman angeuita wa hofu, macho yametoka na mdomo wazi, wenyeji waliusoma kuwa uso wa kutisha, wa mtu anayetaka kushambulia. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia tafiti nyingi mno na kuhitimisha kwamba huwezi kujua hisia ya mtu kwa uhakika kwa kutazama misuli ya uso wake tu. Tukija kwenye ngozi nyeusi, kazi ya Joy Buolamwini na Timnit Gebru ya 2018 ilionyesha kwamba programu za kutambua jinsia kwa uso zilikosea kwa wanawake weusi hadi asilimia 34.7, na kwa wanaume weupe zisizidi asilimia 0.8. Hiyo ilikuwa jinsia, jambo rahisi kuliko hisia. Sasa weka kamera hiyo kwenye nyumba ya Konoin saa mbili usiku, taa moja ya sola ukutani, mwanga wa televisheni ukibadilika rangi usoni mwa mtazamaji, na ujiulize inasoma nini.

Lakini hata ngozi na mwanga vikitatuliwa, kuna jambo zito zaidi. Miongoni mwa Wakipsigis, walio wengi katika kaunti hizi mbili, uso ulisomwa kwa makini muda mrefu kabla ya kamera kubuniwa. Kijana aliyekuwa jandoni alitazamwa usoni na wakubwa waliomzunguka. Kope ikicheza au paji likikunjamana, aibu haikuwa yake peke yake, ilikuwa ya nyumba nzima. Leo wengi hutahiriwa kwa ganzi, lakini lile somo halijafutika: mtu mzima hutawala uso wake, na anayeonyesha kila kinachompitia moyoni bado hajakomaa. Sisemi kwamba watu wa huku hawana hisia, wala kwamba wote wako hivyo. Ukipita karibu na jiko ambamo wanawake wanasimuliana utasikia kicheko cha kutoka tumboni, na vijana wenye simu wana nyuso zao nyingine. Ninachosema ni kwamba uso uliotulia wa mzee wa Sotik haumaanishi kwamba tangazo limempita. Huenda ndilo lililomgusa kuliko yote.

Ekman mwenyewe aliujua udhaifu huu. Yeye na Friesen walieleza jinsi wanafunzi wa Kijapani na wa Kimarekani walivyotazama filamu za kuudhi. Walipokuwa peke yao, nyuso zao zilifanana. Alipoingia mtafiti, Wajapani walifunika karaha yao kwa tabasamu. Alan Fridlund alikwenda mbali zaidi mwaka 1991. Aliwaonyesha watu video ya kuchekesha katika hali mbalimbali: wengine peke yao kabisa, wengine peke yao lakini wakijua rafiki yao anaitazama video hiyohiyo chumba kingine, wengine pamoja na rafiki. Tabasamu liliongezeka kadiri rafiki alivyokaribia, hata kama ni mawazoni tu, ilhali furaha waliyoieleza wenyewe haikuongezeka hivyo. Uso, kwa maneno mengine, unazungumza na watu. Na utafiti wa Daniel McDuff na wenzake wa 2017, uliokusanya nyuso za watu zaidi ya 700,000 katika nchi 12 wakitazama matangazo, ulikuta pia kwamba mahali pa kutazamia, nyumbani au kwenye ukumbi wa utafiti, palibadilisha tabasamu.

Chukua nyumba ya kawaida karibu na Silibwet. Televisheni iko juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, king'amuzi pembeni. Baba ana kiti chake. Kogo, yaani nyanya wa nyumba, ameketi karibu na mlango wa kuelekea jikoni. Watoto wako chini na madaftari, mjomba amepita kusalimia na hajaondoka, mke wa mtoto mkubwa anaingia na kutoka na chupa ya chai. Tangazo la sabuni likija, mama anasema sabuni hiyo ilimchubua mikono. Tangazo la benki likija, mjomba anaeleza habari za mkopo wa jirani. Tangazo la bia likija, watoto wanamwangalia baba. Kila tangazo linaingia kwenye mazungumzo ambayo tayari yanaendelea, na maana yake inaamuliwa na sentensi ya kwanza itakayotamkwa baada yake. Mkubwa akisema “huo ni uongo,” limekwisha. Hata aliyekuwa ameguswa hatalitetea usiku huo. Kogo akicheka, chumba kizima kinacheka, na kesho watoto watalirudia wakienda shule.

Ndiyo sababu nimekaa sana kwenye jambo hili la wengi. Tangazo linaweza kupimwa kwa mtu mmoja mmoja likapata alama za juu, likaenda hewani likaanguka, kwa sababu hisia iliyotawala sebuleni haikuwa ile ya kila mmoja wao. Mfano mkubwa Kenya inao. Mwezi Machi 2013 tangazo la kondomu la kampeni ya “Weka Condom Mpangoni,” lililoonyesha mwanamke mwenye mume akizungumza juu ya mpenzi wa nje, liliondolewa hewani baada ya viongozi wa dini, Wakristo kwa Waislamu, kulipinga. Ujumbe wake wa afya ulikuwa wa kweli na muhimu. Ukimuuliza mtu faraghani, wengi wangekubali hivyo. Lakini tangazo lilifika wakati baba, binti na mkwe wameketi chumba kimoja, na haya iliyotanda pale si kitu ambacho kidole chenye waya kingeweza kukikisia. Nadhani hasara ya tangazo lile haikutoka kwenye maadili peke yake. Ilitoka pia kwenye kutofikiria kwamba televisheni ya Kenya ina chumba kizima mbele yake.

Kinyume chake kipo pia, na kinatisha zaidi. Matangazo ya kamari yalipata nguvu yake palepale, kwenye kundi la vijana wanaotazama mpira pamoja kwenye hoteli za Litein na Kapsoit, kila mmoja akiona mwenzake akisisimka. Mwishoni mwa Aprili 2025 Bodi ya Kudhibiti Kamari iliyasimamisha matangazo hayo kwa siku 30. Msisimko uliojazana namna hiyo ungepata alama nzuri kwenye kipimo chochote cha jasho.

Kuna suala la lugha. Mwaka 2009 Stefano Puntoni, Bart de Langhe na Stijn van Osselaer walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu wenye lugha mbili waliyahisi maneno ya tangazo kuwa na uzito zaidi katika lugha ya kwanza. Hawakusema ni kwa sababu lugha hiyo inaeleweka zaidi. Walisema ni kwa sababu ya kumbukumbu za maisha zilizohifadhiwa ndani yake. Kwa harakaharaka mtu atasema basi matangazo ya Kericho yatengenezwe kwa Kikipsigis tu, kama yanayosikika kwenye redio za Chamgei FM, Kass FM na Kitwek. Ni kweli kwa nyumba nyingi za wakulima. Lakini nchi hii ina mashamba makubwa ya kampuni, na katika nyumba za wafanyakazi, zinazoitwa laini, wameishi kwa vizazi Wakisii, Waluo, Waluhya na Wakipsigis pamoja. Mtoto aliyezaliwa kwenye laini hizo alicheza, alichapwa na alibembelezwa kwa Kiswahili. Kwake Kiswahili kina kumbukumbu za utotoni. Umbali kati yake na mtoto wa mkulima mwenye ekari moja ni mto mdogo na ukingo wa miti, na tangazo moja linaweza kuwaingia kwa njia mbili tofauti kabisa. Sampuli inayoandika “Kericho, mashambani” na kunyamaza imewachanganya.

Historia nayo imo chumbani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi waliotoka jamii nyingine walishambuliwa katika mashamba haya, na wengine hawakurudi. Kesi ya baadhi yao dhidi ya Unilever ilifika mahakama za London. Kuelekea uchaguzi wa 2013 ujumbe wa amani ulijaa kwenye televisheni na redio, na ninaamini ulihitajika. Lakini machozi ya mama mmoja mbele ya tangazo la amani yanaweza kuwa ya matumaini, na ya mwingine ni ya nyumba iliyochomwa, na ya wa tatu ni ya kujua aliyeichoma. Kipimo kitaandika “limegusa” mara tatu. Hapa kosa la kipimo linaweza kumuumiza mtu, kwa sababu mtengenezaji akiambiwa kwamba tangazo lake linagusa sana, ataongeza palepale panapouma.

Sasa tuje kwenye chai yenyewe, maana hapa ndipo mtazamaji wa Kericho na Bomet anapotofautiana na watazamaji wengi wa dunia: anatangaziwa kitu alichokipanda. Wageni ndio waliotangulia kupimwa hisia zao juu ya chai. Tangu 1956 hadi 2002 Waingereza walichekeshwa na matangazo ya PG Tips, chai ya Brooke Bond, yaliyoigizwa na sokwe waliovishwa nguo za watu. Chai hiyo ilipanda ikaongoza soko la Uingereza, na majani ya Kericho yalikuwa na sehemu yake ndani ya pakiti. Kenya haikuwa na haja ya vichekesho hivyo: Ketepa, iliyoanzishwa 1977 na yenye makao yake mjini Kericho, ilikuwa peke yake kwenye soko la ndani hadi lilipofunguliwa 1992. Muuzaji asiye na mshindani hahitaji kujua kama unampenda. Ushindani ulipoingia ndipo matangazo ya chai yalipoanza kutafuta moyo wa mtazamaji: vilima vya kijani, ukungu, mama anayetabasamu, mvuke wa kikombe.

Kwa mtazamaji wa Nairobi picha hizo ni za kupumzisha macho. Kwa mkulima wa Tirgaga ni mahali pake pa kazi. Anaona kama mchumaji wa kwenye tangazo anashika majani vizuri au ni mwigizaji. Anaona kikapu kipya kisicho na doa. Anaona jua, na yeye anajua mvua ya mawe ya alasiri ilivyoharibu chai yake wiki iliyopita. Halafu mmoja chumbani anasema, “Hiyo ni chai yetu,” na mwingine anamjibu, “Na bonasi yetu, mzee, iko wapi?” Kila Oktoba wakulima wa KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, hupokea malipo ya mwisho wa mwaka, ndiyo bonasi, na mwaka 2024 na 2025 wakulima wa viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa walilipwa kidogo kuliko wenzao wa mashariki, wakalalamika kwa sauti. Pima tangazo hilohilo mwezi Mei na ulipime Oktoba, utapata nchi mbili. Sijaona kipimo kinachoweka tarehe ya bonasi kwenye hesabu zake, na kwa bidhaa yoyote inayouzwa huku, kuanzia mabati hadi simu, tarehe hiyo ina uzito kuliko umri wa mtazamaji.

Hata fahari ya kweli haielekei dukani moja kwa moja. Wakulima wengi hununua majani ya kupika nyumbani kwenye kiwanda chao wenyewe. Mtu anaweza kulipenda tangazo la chai ya pakiti, akalisifu kwa wageni, na asinunue pakiti hata moja mwaka mzima. Wanaotetea matangazo ya hisia hupenda kutaja uchambuzi wa kumbukumbu za IPA, chama cha mawakala wa matangazo wa Uingereza, ulioonyesha kwamba kampeni zilizoegemea hisia pekee zilileta faida kubwa katika asilimia 31 ya visa, na zilizoegemea hoja pekee asilimia 16. Ni takwimu yenye uzito, lakini kampeni zile ziliingizwa na wenyewe kwenye mashindano ya tuzo. Zilizoanguka hazikupeleka maombi. Isitoshe, mnunuzi wa kule husimama mbele ya rafu yenye chai kumi. Mnunuzi wa Longisa huenda kwenye duka moja, akaomba majani ya shilingi kumi, na akapewa yaliyopo.

Kipimo kinachotumika sana Kenya leo ni simu. Mashirika kama GeoPoll hutuma maswali kwa ujumbe mfupi na kupata majibu upesi, kwa gharama nafuu, hadi vijijini. Kwa swali la nani alitazama nini, njia hii imesaidia. Kwa hisia ni nyembamba mno. Anayejibu ni mwenye simu yenye chaji, ambaye mara nyingi si kogo aliyechekesha chumba. Anajibu kwa nambari moja hadi tano, na anakumbuka alichosema baba kuliko alichohisi yeye.

Ningepewa tangazo la kulipima katika kaunti hizi, ningeanza kwa kuchagua nyumba, si mtu. Ningemtuma msaidizi wa palepale, anayejua Kikipsigis na Kiswahili, aketi na familia jioni nzima, tangazo likiwa limefichwa kati ya mengine ndani ya taarifa ya habari. Kazi yake ya kwanza ni kuandika nani alisema nini kwanza, nani alinyamaza, nani alitoka. Baadaye, kila mmoja pembeni, angeonyeshwa michoro ya vikaragosi iliyobuniwa na Peter Lang mwaka 1980, inayoanzia kwenye uso uliofurahi hadi ulionuna, na kutoka mwili uliotulia hadi unaotetemeka. Haihitaji kusoma, na kidole kinaelekeza bila sauti. Majibu ya faragha yawekwe kando ya yale ya sebuleni, na tofauti kati yake ndiyo matokeo. Wakenya wanaijua tofauti hiyo: kura za mlolongo za 1988, ambapo mtu alipiga foleni nyuma ya picha ya mgombea machoni pa chifu, hazikuwa sawa na kura za sanduku. Baada ya wiki moja msaidizi angerudi kuomba jambo moja tu, watoto wasimulie tangazo wanalolikumbuka. Kisha angepita kwa mwenye duka. Ni kazi ya polepole na ya gharama, na haitoi mstari wa kila sekunde. Kamera inaweza kuongezwa kwa nyumba chache zenye mwanga na zilizokubali, ili kuonyesha sekunde gani watu walichangamka. Isitumike kusema kwa nini.

Kukubali nako kuna masharti. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu taarifa ya kibayometriki kuwa nyeti, pamoja na asili ya kabila na habari za familia, na inataka idhini ya mzazi kwa mtoto. Sebule ya Bomet ina vyote hivyo kwa pamoja. Wafanyakazi wa mashamba makubwa wanahitaji ulinzi zaidi. Mwaka 2023 BBC ilifichua jinsi wanawake walivyodaiwa ngono ili wapate kazi katika mashamba ya chai ya Kericho. Mahali penye jeraha hilo, mwajiri au wakala wake hapaswi kabisa kuomba kurekodi uso wa mfanyakazi, hata kwa tangazo la sabuni. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya akili unde ya 2024, umepiga marufuku mashine za kukisia hisia kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Kenya ingefanya vyema kuandika kifungu kama hicho.

Na kuna mwenye haki mmoja ambaye hajahesabiwa. Mkulima anayepeleka majani yake Kapkoros au Tegat ana hisa katika kiwanda chake. Viwanda hivyo ndivyo wamiliki wa KTDA, na Ketepa ni kampuni tanzu ya KTDA. Tangazo la Ketepa linapopita kwenye televisheni yake, mtu huyo analitazama akiwa mnunuzi anayebembelezwa, mzalishaji anayeonyeshwa, na mmoja wa wanaolilipia. Mkutano mkuu wa kiwanda hufanyika kila mwaka na wakurugenzi hukaa mbele kujibu. Wakulima huuliza juu ya kuni, umeme, mbolea na bei ya mnadani Mombasa. Waulize pia tangazo la mwaka huu lilipimwa wapi, kwa lugha gani, mwezi gani, na walioulizwa waliketi na nani walipolitazama.